Filamu zetu zisikiache Kiswahili mdomoni mwa askari peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonikera kila ninapoketi kutazama filamu au tamthilia iliyotengenezwa hapa Uganda, nami ni mtu ninayezitazama nyingi, usiku baada ya kazi na mchana wa Jumapili, tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Katika kazi hizo Kiswahili kipo, lakini mara nyingi mno kipo mahali pamoja tu, napo ni mdomoni mwa mtu mwenye silaha. Askari wa kizuizi cha barabarani hukisema, jambazi hukisema, mlinzi wa geti hukisema anapomfukuza mtu. Mama anayembembeleza mtoto hakisemi, wala kijana anayemposa msichana, wala mzee anayewausia wanawe kitandani. Mtazamaji wa mbali asiyeifahamu nchi hii ataamini kwamba hakuna mtu wa Uganda aliyewahi kulelewa kwa lugha hii.

Mimi nimelelewa kwa lugha hii. Nilizaliwa Busia, upande wa Uganda, katika mji uliokatwa na mpaka, ambako mtu huweza kulala nchi moja na kufanya kazi nchi nyingine. Mama yangu ameuza mukene, yaani dagaa wa ziwani, kwa zaidi ya miaka 30, akinunua kwa Wasamia na kuwauzia Wajaluo, Wakikuyu na Waganda, na lugha ya biashara hiyo yote, pamoja na mikopo yake, misiba yake na maombi ya subira, ni Kiswahili. Si Kiswahili cha Unguja. Kina Kisamia ndani yake, kina Kiganda na Kijaluo, ila kina heshima na kina utani, na mtu akiapa kwacho huaminiwa.

Filamu nilizianzia kwenye kibanda cha video, kile ambacho ndugu zetu wa Tanzania hukiita kibanda umiza. Chetu kilikuwa cha mbao na mabati, nyufa zake zimezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, na tulilipa shilingi 200 kukaa kwenye mabenchi yasiyo na mgongo. Mbele kulikuwa na televisheni moja ndani ya kabati la mbao lenye kufuli, na pembeni yake, nyuma ya meza ndogo, aliketi mfasiri tuliyemwita VJ, mkono mmoja umeshika kipaza sauti na mkono wa pili uko kwenye kitufe cha kupandisha na kushusha sauti. Mzee wa hekaluni katika filamu za ngumi za Hong Kong alipofungua kinywa, VJ aliishusha sauti ya filamu, akasema kwa Kiganda, akaongeza Kisamia na Kiswahili kwa sababu alikuwa amekwisha kututazama mlangoni na alijua siku hiyo wameingia akina nani. Ngumi zilipoanza akaipandisha tena ili tusikie mapigo. Mzee wa hekaluni alisema kama mzee wa kwetu anavyosema, kwa mafumbo na kwa kujikohoza. Muuza samaki wa Hong Kong alipatana bei kama mama yangu. Hatukuwa tukisikia tafsiri ya maneno peke yake, tulikuwa tukisikia kila mtu akipewa sauti inayolingana na umri wake, kazi yake na hali ya moyo wake.

Watu wenye elimu waliwadharau mafundi hao, na wengine wanawadharau hadi leo, eti wanaharibu kazi za watu. Naona wanakosea sana. Kenya wana DJ Afro, Tanzania walimpata Lufufu, nasi tuna VJ Jingo, VJ Junior na wenzao, na wote hao wamethibitisha jambo ambalo watayarishaji wetu bado hawataki kulikubali, kwamba mtazamaji wa Afrika Mashariki yuko tayari kulipa ili aisikie filamu kwa lugha anayoiota.

Nyumbani nako antena yetu, iliyofungwa juu ya mti mrefu wa mwanzi, ilinasa mawimbi ya Kenya vizuri kuliko ya Kampala. Ndiyo maana kabla ya kumjua mwigizaji yeyote wa Uganda nilikwisha kuwajua Mzee Ojwang na Mama Kayai wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, pamoja na washtakiwa wote waliosimama kizimbani katika Vioja Mahakamani. Naomba msomaji anielewe hapa, maana ndipo wengi wanaponipinga. Kiswahili cha Mzee Ojwang hakikuwa cha vitabuni. Kilikuwa na lafudhi nzito ya Kijaluo, na kicheko kilitoka humo mara nyingi, lakini mwenyewe alikimiliki. Alikitumia kudanganya, kutubu, kujitapa na kumlilia mkewe. Katika Vioja kila mshtakiwa alikuja na lafudhi ya kwao, na bado kila mmoja alipewa nafasi ya kujieleza hadi hakimu amwelewe. Sidai, basi, kwamba waigizaji wetu waseme kama watangazaji wa redio. Ninachodai ni kwamba lugha isivunjwe kwa makusudi ili mnenaji aonekane mnyama.

Nasema kwa makusudi kwa sababu nimeona kwa macho yangu jinsi inavyovunjwa. Miaka michache iliyopita nilisafiri hadi Kampala kujaribiwa kwa ajili ya tamthilia moja ambayo sitaitaja. Nilikuwa nimejiandaa kwa nafasi ya mwalimu mkuu, na maneno yake nimeyakariri ndani ya basi kutoka Busia hadi Mukono. Msimamizi aliponisikia nikisalimiana na dereva wao kwa Kiswahili alifurahi, akasema wamempata askari wao. Nikavalishwa koti la kijani, nikapewa bunduki ya mbao iliyopakwa rangi nyeusi, nikasimamishwa kando ya gogo lililolazwa barabarani. Kamera ilipowashwa nikasema, “Simameni hapo. Naomba vitambulisho vyenu, kisha mteremke mmoja mmoja.” Mwongozaji akasimamisha kazi. Akanieleza, bila ubaya wowote, kwamba hicho ni Kiswahili cha mwalimu, kwamba askari hasemi hivyo, na kwamba mtazamaji hataogopa. Akanifundisha mwenyewe namna ya kusema: “Wewe! Kuja hapa! Kitambulisho wapi? Kaa chini!” pamoja na tusi ambalo sitaliandika gazetini. Tulirudia mara saba hadi akaridhika. Mara ya saba nilikuwa nimekwisha kuzoea.

Sehemu hiyo ilipoonyeshwa, majirani walijaa sebuleni kwa mama kuja kuniona. Haikuchukua hata dakika moja. Wengine walipiga makofi. Mama alingoja waondoke wote, akakusanya vikombe, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, lugha hiyo uliyowasemesha wale watu umeitoa wapi? Mimi sikukufundisha hivyo.” Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo sijaweza kuitazama filamu yoyote ya nyumbani bila kutega sikio kwanza.

Sikatai kwamba jambo hili lina chanzo chake katika historia. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la mkoloni; mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri; mwaka 1979 askari wa Tanzania waliomwondoa waliingia Kampala wakikizungumza. Wazee wengi wa Buganda wana kumbukumbu za kweli za kuamrishwa na kunyang'anywa mali kwa lugha hii, na msanii ana haki ya kuzionyesha. Ila kumbukumbu ya wazee hao isigeuzwe kuwa desturi ya kila mwandishi kijana ambaye hata hakuwa amezaliwa, akaiiga kwa sababu tu ameiona katika filamu iliyotangulia.

Na filamu zilizotangulia nyingi zilitengenezwa na wageni. Ya zamani kuliko zote ninazozijua ni The African Queen ya mwaka 1951, hadithi ya safari ya mashua mtoni, ambayo John Huston aliipigia picha Kongo na hapa kwetu, hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Humphrey Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, nami simnyimi, kwa maana yeye na Katharine Hepburn wanaibeba mashua ile na filamu nzima mabegani mwao. Lakini nimeitazama mara nne, na kila mara najikuta nimebaki kule mwanzoni, kwenye kanisa la misheni, ambako wanakijiji wanaonyeshwa wakijaribu kuimba wimbo wa dini kwa sauti zisizofanana na neno lolote la lugha yoyote. Kisha Wajerumani wanakichoma kijiji, watu wanaswagwa kama mbuzi, na hadithi inawaacha hapo hapo. Hakuna anayeuliza walipelekwa wapi. Mto wetu umepewa nafasi kubwa kuliko watu wetu.

The Last King of Scotland ya mwaka 2006 ni habari nyingine kabisa. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya nafasi ya Amin, na kazi hiyo inasikika hata anapozungumza Kiingereza, kwa jinsi anavyoyapima maneno na kuyaachia kwa ghafla. Mwaka 2007 alipopewa Oscar, Busia tulishangilia kama aliyeshinda ni mtu wa kwetu. Kuna mahali mwanzoni ambapo Amin, akiwa ameumia mkono baada ya gari lake kugongana na ng'ombe, anavutiwa na fulana ya Scotland aliyoivaa daktari anayemtibu, anavua shati lake la jeshi na kubadilishana naye papo hapo barabarani. Katika kitendo hicho kimoja kuna ucheshi wa mtu yule, kuna tamaa yake ya kupendwa, na kuna hatari, vyote kwa pamoja, na bila tusi hata moja. Waongozaji wetu wangepaswa kukitazama kitendo hicho mara mia. Kasoro ya filamu hiyo, kwa maoni yangu, ni kwamba daktari mwenyewe, Nicholas Garrigan, ni mtu wa kubuni aliyetoka katika riwaya ya Giles Foden, na maumivu ya nchi nzima yamepitishwa machoni pake kana kwamba hayangeonekana bila yeye.

Kwangu mimi Mira Nair alifanya vizuri zaidi, miaka 15 kabla, katika Mississippi Masala. Watu huikumbuka kwa mapenzi ya Denzel Washington na Sarita Choudhury kule Marekani. Mimi huikumbuka kwa Okelo. Familia ya Kihindi inafukuzwa kutoka Kampala kwa amri ya Amin ya mwaka 1972, na Jay, wakili aliyezaliwa hapa, anaondoka bila kumuaga ipasavyo Okelo, rafiki yake tangu utotoni, kwa sababu ya neno moja ambalo Okelo alimwambia kuhusu Afrika kuwa ya Waafrika weusi. Miaka mingi baadaye anarudi Kampala kudai nyumba yake, na hapo ndipo anapojua kwamba Okelo aliuawa zamani. Naijua familia moja Busia ambayo baba yao alikuwa Okelo wa namna hiyo kwa Mhindi mmoja mwenye duka. Hapo filamu imegusa mfupa. Askari wenye bunduki wamo ndani ya Mississippi Masala, tena wanatisha, lakini si wao peke yao waliopewa kuwa Waafrika.

Mwongozaji huyo huyo ndiye aliyetuletea Queen of Katwe mwaka 2016, hadithi ya kweli ya Phiona Mutesi, msichana mcheza sataranji wa mtaa wa Katwe, Kampala, na kocha wake Robert Katende, na ndiyo filamu ninayoipenda kuliko zote zilizopigwa Uganda, pamoja na dosari yake moja kubwa. Dosari ni kwamba mama mjane wa Katwe anawaonya wanawe kwa Kiingereza, ndani ya chumba kimoja, usiku, peke yao. Najua fedha zilitoka Disney na najua soko ni la dunia. Hata hivyo Lupita Nyong'o, anayemwigiza mama huyo, ana uwezo wa kumfanya mtazamaji alie kwa lugha yoyote, na maandishi ya tafsiri chini ya picha hayajawahi kumuua mtu.

Niliitazama filamu hiyo pamoja na mama yangu, nami nikawa VJ wake. Niliketi kando yake nikimnong'oneza kila neno kwa Kiswahili, kikao kwa kikao, mashindano kwa mashindano. Tulipofika pale ambapo mama wa Phiona anauza nguo yake ya thamani ili anunue mafuta ya taa mtoto apate kusoma, mama alinishika mkono akasema, “Nyamaza kwanza, hapa naelewa.” Aliitazama sehemu hiyo yote bila mimi. Mwishoni, waigizaji wanaposimama mmoja mmoja kando ya watu halisi waliowaigiza, aliniomba nimrudishie mara mbili ili amtazame vizuri yule mama wa kweli.

Kuhusu vijana wa Wakaliga, mtaa wa Kampala, nina maneno ya sifa. Who Killed Captain Alex? ya Nabwana, iliyotoka mwaka 2010, imetengenezwa kwa fedha ambazo hazitoshi kununua kamera nzuri moja, silaha zake zimeundwa kwa vyuma chakavu, na nakala iliyotufikia ni ile yenye sauti ya VJ Emmie aliyeongea juu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Dunia imeipenda kwa sababu inachekesha. Mimi naipenda kwa sababu imechukua sauti ya kibanda changu cha utotoni na kuiweka ndani ya filamu yenyewe, ikawa sehemu ya kazi na si kibandiko cha pembeni. Sidhani kwamba wanaoicheka ng'ambo wanajua kwamba nyuma ya VJ Emmie kuna miaka mingi ya mabenchi na mabati.

The Girl in the Yellow Jumper ya Loukman Ali, filamu ya kwanza ya Uganda kuingia Netflix, mwaka 2021, ina picha safi kuliko kazi yoyote ya hapa niliyowahi kuiona. Mtu mmoja aliyeponea chupuchupu anamsimulia polisi mambo yaliyompata, nasi tunabaki tukijiuliza nani anasema kweli. Mwongozaji anajua kunyamaza, anajua kuiacha sura ya mtu kwenye mwanga hafifu hadi wewe mtazamaji uanze kuogopa. Huyu hahitaji tusi ili atishe. Tamthilia za nyumbani, kuanzia The Hostel ya wanafunzi wa chuo hadi Sanyu, nimezifuata kwa vipindi vingi na sitazichambua hapa, ila nitasema tu kwamba zinawafaa watu wa Kampala kuliko sisi tunaoishi mbali na Kampala.

Sasa tuwatazame majirani. Katika Nairobi Half Life ya mwaka 2012, Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza filamu kwa kuziigiza mwenyewe mbele ya wanunuzi, yaani naye ni VJ kwa namna yake, na anapofika Nairobi anaibiwa, anatiwa ndani, analazimishwa kusafisha choo cha mahabusu. Humo mna majambazi na mna polisi wabaya kuliko majambazi, wote wanasema Kiswahili na Sheng, lakini Kiswahili hicho hicho ndicho wanachotumia kugawana chakula, kutaniana na kuomboleza. Mtu akiwa mwovu ni kwa matendo yake. Kisha kuna Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, kuhusu mtoto mgonjwa asiye na muda mrefu wa kuishi ambaye anatamani kuwa shujaa wa filamu, na kijiji kizima kinajipanga kumtengenezea filamu yake. Nimewaonyesha watoto wa mtaani kwetu mara tatu, na mara zote tatu hakuna aliyehitaji mtu wa kumfasiria.

Tanzania nayo imetupa Vuta N'kuvute mwaka 2021, kazi ya Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, inayorudi Unguja ya miaka ya 1950, ambako Yasmin anaikimbia ndoa aliyolazimishwa na Denge anapigana na ukoloni. Baadhi ya rafiki zangu waliiona inakwenda polepole. Mimi niliona inakwenda kwa mwendo wa watu wanaopendana kwa siri, ambao hawawezi kukimbia barabarani. Kiswahili chake ni kitamu mno, na kwa mara ya kwanza nilimsikia mwanamapinduzi akiisema lugha yangu bila kupiga kelele. Siwezi kusema hivyo kuhusu filamu zote za Bongo. Zile za wakati wa Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 28, zilijaa kwenye meza za wachuuzi hapa mpakani, nami nilizinunua kwa moyo mmoja. Ila sikuwahi kuelewa kwa nini filamu ya Kiswahili ipewe jina la Kiingereza kwenye kasha, na kwa nini hadithi ya saa moja na nusu ikatwe sehemu mbili ili tuinunue mara mbili. Kanumba mwenyewe alikuwa na kipaji cha kweli, na alionekana kumsikiliza mwenzake kabla ya kujibu, jambo ambalo waigizaji wengi hawalijui.

Yapo pia mambo ya mbali yaliyonifundisha. Tamthilia ya Telemundo ambayo sisi tuliijua kwa jina la Second Chance, ile ya tajiri mzee Pedro José Donoso kufa na kurudi katika mwili wa kijana maskini Salvador, iliwafunga watu ndani kila jioni, ingawa ilitufikia kwa Kiingereza kilichobandikwa juu ya midomo inayosema Kihispania. Mama aliifuata kwa kutazama nyuso tu. Lakini mwaka 2011 Wachina waliitia sauti za Kiswahili tamthilia yao ya Doudou na mama wakwe zake, ikaonyeshwa Tanzania, na baadaye nikapata vipindi vyake kadhaa vilivyonakiliwa. Nilimwekea mama. Hapo kwa mara ya kwanza alimsikia mkwe akinung'unika jikoni kwa Kiswahili cha upole wenye sumu, vilevile kama anavyonung'unika shangazi yangu mmoja, na akacheka hadi akajifuta machozi. Baada ya hapo Azam TV wametutilia Kiswahili tamthilia za Uturuki, na nyumba nyingi za Busia hazikosi. Fikiria hali hiyo, Ndugu Mhariri. Mama mkwe wa Beijing na mama wa Istanbul wanamsemesha mama yangu kwa lugha yake, na mama wa Uganda aliye kwenye skrini bado hajamsemesha.

Watayarishaji hunijibu kwamba Kiswahili hakina watazamaji Uganda. Watazamaji hao wako Busia na Malaba, wako Arua na Koboko, wako Bombo kwa ndugu zetu Wanubi, wako Mpondwe kwenye mpaka wa Kongo, na wako Nakivale na Kyangwali, ambako maelfu ya wakimbizi wa Kongo huishi kwa Kiswahili toka asubuhi hadi usiku. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Mtoto anayejifunza darasani kwamba hii ni lugha ya jumuiya yake, kisha jioni akaisikia kwenye televisheni ikitumiwa kumkalisha mtu chini matopeni, atamwamini nani, mwalimu au televisheni?

Wengine husema gharama ni kubwa. Kutia sauti upya ni gharama, nakubali, kwa maana kunahitaji studio na waigizaji wa sauti. Maandishi ya tafsiri chini ya picha ni kazi ya mtu mmoja mwenye kompyuta kwa siku chache, na kumwandikia muuza mukene sentensi kumi za Kiswahili katika hadithi iliyokwisha kuandikwa hakugharimu chochote zaidi ya kwenda kumsikiliza sokoni.

Kwa hiyo nimeamua nisibaki kulalamika. Nimekwisha kuandika tafsiri ya Kiswahili ya filamu fupi mbili za vijana wa hapa Busia, na ya tatu ninaimaliza mwezi huu, na mama ndiye mkaguzi wangu. Nikiandika sentensi ambayo mtu wa sokoni hawezi kuisema, huniambia niifute. Mtayarishaji yeyote wa Uganda mwenye filamu au tamthilia, fupi au ndefu, anayetaka maandishi ya Kiswahili chini ya picha zake, nitamfanyia ya kwanza bila malipo. Akuandikie wewe, Mhariri, nawe unipe habari. Naye yule mwongozaji aliyenisimamisha kando ya gogo, kama anasoma gazeti hili, ningefurahi akinipigia simu, kwa maana nafasi ya mwalimu mkuu bado naikumbuka neno kwa neno.

Mpenzi wa filamu,
Busia, Uganda